Swali la mwanafunzi: kirusi kikijificha ubongoni, kinga inakitoaje bila kuua ubongo wenyewe?

Mwl_Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, mbukwenyi. Naandika nikiwa Nkuhungu, hapa Dodoma. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia, kidato cha tano na sita. Wiki mbili zilizopita nilikuwa naeleza kazi ya seli T za kuua, askari wa kinga ya mwili. Seli ikiingiwa na kirusi hubandika vipande vya protini zake kwenye utando wa nje, kama mama anavyoanika nguo uani: mpita njia anajua humo ndani wanaishi akina nani. Seli T ikipita ikaona kipande kigeni, inaiua seli nzima pamoja na kirusi kilichomo. Binti mmoja wa dawati la nyuma, mzaliwa wa Kondoa, ambaye muhula mzima sikuwa nimeisikia sauti yake, akanyoosha mkono. "Mwalimu, ulisema seli za ubongo zikifa hazirudi. Sasa kirusi kikiingia ubongoni na kinga ikaanza kuua, mgonjwa akipona anabaki na nini?"

Nilisimama na chaki mkononi. Nikamwambia hilo ni swali kubwa na nitalirudia nikiwa na jibu lenye uzito wake. Tangu siku hiyo nasoma kila usiku. Ipo na sababu ya nyumbani iliyonisukuma, nitaieleza mbele.

Nianze na tulichofundishwa sisi. Mwaka 1948 mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, alipandikiza ngozi ya sungura mmoja kwenye ubongo wa sungura mwingine. Ngozi ya mgeni ukiipandikiza mahali pengine mwilini inakataliwa upesi, lakini ubongoni iliachwa ikakaa. Watu wakashika hapo, wakasema ubongo na kinga havijuani. Majaribio hayohayo yalikuwa na upande wa pili ambao walimu wengi tuliuruka: sungura aliyewahi kuwekewa ngozi ya mgeni yuleyule sehemu nyingine, kinga yake ikaijua, aliikataa hata ile ya ubongoni. Kwa hiyo askari wakishafundwa, njia ya kuingia wanaipata. Tena mwaka 2015 vikundi viwili vya watafiti, kimoja Virginia nchini Marekani na kingine Helsinki, vilionyesha kwamba kwenye tando zinazofunika ubongo wa panya ipo mishipa ya limfu, njia ambazo seli za kinga husafiria, ambayo vitabu vya shule viliandika kuwa haipo. Mlango upo. Ila bawabu wake ni mkali, maana seli za kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimeshonana kiasi kwamba hata askari wa mwili haingii bila kibali.

Humo ndani kuna wenyeji. Mikroglia ni seli za kinga zilizoingia ubongoni wakati mtu angali kiinitete tumboni, zikaweka makazi ya kudumu. Kirusi kikifika, seli za humo hutoa interferoni, ambayo naifananisha na mbiu ya mgambo: majirani wakiisikia wanazima mitambo ambayo kirusi kingeitumia kuzaliana. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni la kipokezi kinachoitwa TLR3, kimojawapo cha vinavyoamsha mbiu hiyo. Mwili wao mwingine unajilinda vizuri tu. Lakini kirusi cha herpesi, kile cha malengelenge ya mdomoni ambacho wengi wetu tunaishi nacho, kwao kinaweza kupanda hadi ubongoni na kuleta maafa.

Sasa jibu la binti. Seli za neva huanika vipande vichache mno. Uani kwao kamba karibu tupu. Seli T ya kuua ikipita haioni la kuiua upesi, na hiyo ni rehema kwetu. Lakini kirusi nacho kinapata pa kujibanza. Inabidi kitafutwe kitu kingine, na kitu hicho nimekaa siku nzima nakitafutia neno la Kiswahili hadi nikagundua tunalo mdomoni kila siku: KUFUBAZA. Sisi Watanzania hatuwapi wenye VVU "dawa za kuua virusi", tunawapa dawa za kufubaza. Ubongoni kinga inafanya hivyohivyo. Inakifubaza kirusi ndani ya seli, na seli inabaki hai.

Ushahidi ulipatikana kwa kirusi cha Sindbis, kilichopewa jina la kijiji cha Misri. Ni ndugu wa chikungunya, ugonjwa ambao sayansi iliutambua hapahapa kwetu, kusini, mwaka 1952 na 1953, ukapewa jina la Kimakonde la kujikunja. Mwaka 1991 kikundi cha Diane Griffin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kilichukua panya waliozaliwa bila seli T wala seli B (zile zinazozaa watengenezaji wa kingamwili), wakawaambukiza Sindbis. Kirusi kikakaa ubongoni na hakikutoka. Wakawachoma kingamwili, yaani protini za kinga zinazokamata kirusi, peke yake, bila seli hata moja ya kuua. Kirusi kilisafishwa kutoka kwenye seli za neva, na seli zilibaki hai. Baadaye ikajulikana kuwa interferoni gama, inayotolewa na seli T, inafanya kazi hiyohiyo, hasa kwenye uti wa mgongo.

Ila hapa ndipo roho yangu ilipogota. Kirusi chenyewe kiliondoka, lakini chembechembe za vinasaba vyake zilibaki ndani ya seli. Wale panya, kingamwili walizochomwa zilipokwisha nguvu, kirusi kilirudi. Kinachofubazwa kinahitaji mfubazaji asiyeondoka. Ndiyo maana kwa panya wenye kinga kamili, seli zinazotengeneza kingamwili huhamia ubongoni na kubaki humo muda mrefu, na seli T za kumbukumbu nazo hubaki. Hazirudi tena kwenye damu. Zinalinda zamu.

Naendelea nikipata nafasi. Karibuni.

---

Chimwaga

Mwalimu naweka kambi hapa. Lakini nina swali. Kama seli T zinaweza kufika, kwa nini zisiue tu zile chache zilizoambukizwa? Ubongo una mabilioni ya seli, kupoteza elfu kadhaa kuna hasara gani?

---

Mwl_Nkuhungu

Mkuu Chimwaga, hasara yake inaonekana wazi kwa panya walioambukizwa kirusi kiitwacho LCMV. Hiki ni kirusi cha panya wa nyumbani. Panya mkubwa ukimchoma kirusi hiki ubongoni, ndani ya takribani wiki moja anapata degedege na kufa. Ukimwondolea seli T kabla, haugui ugonjwa huo, ingawa kirusi kimejaa. Panya aliyekipata tumboni mwa mama yake hukaa nacho maisha yake yote, kwa kuwa kinga yake ilikua ikikiona kama mwenyeji. Kwa lugha nyingine, anayemuua yule panya mkubwa ni askari wake mwenyewe. Tando za ubongo zinavimba, mishipa inavuja, na fuvu halina pa kutanukia.

Kwa kutumia panya haohao Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, wakiwa Canberra, Australia, miaka ya 1973 na 1974, waligundua kwamba seli T haitambui kirusi peke yake. Inakisoma kikiwa kimeshikwa na alama ya mwenye mwili. Walipata tuzo ya Nobel mwaka 1996. Ile mifano yangu ya nguo uani inatoka kwao.

---

Mama_Zabibu

Mwalimu shikamoo. Mimi si msomi wa mambo haya, nauza zabibu pale Majengo. Umesema una sababu ya nyumbani, na mimi ninayo. Mama yangu alipata mkanda wa jeshi kichwani. Unahusiana na haya?

---

Mwl_Nkuhungu

Marahaba mama. Unahusiana sana, na ndiyo sababu yangu mimi pia.

Shangazi yangu ana miaka 71, anaishi Mpwapwa. Mwezi wa tatu alianza kuungua upande wa kushoto wa paji la uso, kuungua tu, hakuna kitu kinachoonekana. Siku ya pili yakatoka malengelenge. Nilipofika nilimkalisha mlangoni penye mwanga nikamtazama vizuri. Yalianzia kwenye nywele, yakashuka pajini, yakazunguka jicho hadi ncha ya pua. Na katikati ya paji yalikoma. Mstari umenyooka, kana kwamba mtu ameweka rula. Upande wa kulia ngozi safi kama ya mtoto.

Majirani walikwishatoa hukumu zao. Mmoja alisema mdudu amemkojolea. Wengine walinong'ona ule ugonjwa, kwa sababu kila mtu anakumbuka miaka ile mkanda wa jeshi ulikuwa ishara yake. Kituo cha kwanza alichokwenda walimpa dawa ya kupaka wakamrudisha nyumbani. Dawa ya kumeza ya kuzuia kirusi, asiklovia, inafaa ianze ndani ya siku tatu za mwanzo. Yeye aliipata siku ya sita. Alipopimwa VVU hakuwa navyo. Nilimwona analia kwenye benchi, na hakuwa analilia maumivu. Alikuwa analilia wiki nzima ya kuangaliwa vile.

Ule mstari wa rula ndio ushahidi wa jambo lenyewe. Shangazi aliugua tetekuwanga akiwa mtoto, miaka ya hamsini huko. Akapona. Kirusi hakikutoka, kilipanda kwenye neva na kujibanza kwenye mafundo ya neva, likiwemo lile lililo chini ya ubongo linalohudumia uso, moja kushoto na moja kulia. Kikakaa humo zaidi ya miaka 60, kimefubazwa. Umri ukaenda, seli T zinazokishika zikapungua nguvu, kikaamka fundo la kushoto na kushuka na neva zake hadi kwenye ngozi. Neva ya kushoto haivuki kwenda kulia, basi na malengelenge hayavuki. Yakifika ncha ya pua ni dalili kwamba jicho nalo limo hatarini, kwa kuwa tawi la neva ni lilelile.

Kwa ndugu wa kirusi hicho, herpesi ya mdomoni, watafiti wamekwenda kuchungulia fundo lenyewe. Wakakuta seli T za kuua zimezizunguka seli za neva zenye kirusi. Ile silaha yao ya kuulia, kimeng'enya kiitwacho granzaimu B, wanaiingiza ndani, lakini seli haifi. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwa panya kwamba granzaimu hiyo inakatakata protini ambayo kirusi kinaihitaji ili kiamke. Panga la kuchinjia linatumika kukata kamba. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu, kisha nikafunga kitabu nikatoka nje.

---

Mama_Zabibu

Mwalimu, mama yangu naye watu walimkimbia. Nitamsomea haya leo. Ahsante baba.

---

Mfugaji_Bahi

Habari za humu. Mwaka 2007 ile Homa ya Bonde la Ufa ilipotupiga huku Dodoma, mimi na kaka yangu tulichinja ng'ombe aliyekuwa ametupa mimba. Tukaugua wote. Mimi nikapona. Kaka homa ilimwacha, akarudi machungani, halafu siku kama kumi hivi baadaye akaanza kuongea maneno yasiyopangika, kichwa kinamuuma, watoto wake mwenyewe hawatambui. Wazee walisema ni mambo mengine. Alipona ila si yule tena. Je, ni haya mnayozungumza?

---

Mwl_Nkuhungu

Pole sana ndugu yangu. Mimi si daktari na sikumwona kaka yako, lakini ulichokieleza kinafahamika. Homa ya Bonde la Ufa ina sura hiyo kwa wagonjwa wachache: homa inaisha, na wiki moja hadi nne baadaye ubongo unavimba. Ini na damu vimekwisha kusafishwa, kirusi kilichowahi kuvuka bawabu ndicho kinachosumbua. Wazee hawakumwonea kwa ubaya, walikosa mtu wa kuwaeleza kwamba ugonjwa unaweza kutoka damuni ukabaki kichwani.

Na mnyama akitupa mimba, tafadhali, msimchinje wala kumshika kwa mikono mitupu. Mwiteni ofisa mifugo.

---

Nesi_Kongwa

Mwalimu naomba niongeze nondo yangu, maana nipo kliniki ya watoto kila wiki na jambo hili linaniuma.

SURUA. Watu wanaiona ni vipele na macho mekundu, siku kumi imeisha. Kuna watoto wachache, hasa walioipata kabla ya miaka miwili, ambao kirusi cha surua kinabaki ubongoni. Miaka 7, miaka 10 mtoto mzima kabisa, anacheza. Kisha anaanza kushuka darasani. Anaangusha vikombe. Anashtukashtuka mwili. Kidogokidogo anapoteza maneno, kutembea, kumeza. Ugonjwa unaitwa SSPE kwa kifupi, na karibu wote wanafariki.

Mwalimu amesema kingamwili zinafubaza. Hawa watoto ukipima maji ya uti wa mgongo yamejaa kingamwili za surua, nyingi kuliko kawaida! Lakini kirusi kimebadilika, hakitoki tena nje ya seli ambako kingamwili zingekikamata. Kinapenya kutoka seli moja kwenda ya jirani kama mwizi anayetoboa kuta za nyumba za pamoja. Barabarani kuna askari tele, yeye hapiti barabarani.

Chanjo ni miezi 9 na miezi 18. Ile ya kwanza kina mama wanakuja. Ile ya miezi 18 wengi hawaonekani, mtoto ameshaanza kutembea, mama yuko shambani, anasema mwanangu mzima. Hakuna dawa ya uhakika ya SSPE. Chanjo ndiyo mlango pekee ambao mimi kama nesi nina ufunguo wake.

---

Mwl_Nkuhungu

Dada Nesi, umenifundisha. Sikuwa nimeipa surua nafasi katika uzi huu na nilikosea. Jumatatu naitamka darasani, wapo wenye wadogo zao wa umri huo.

---

Kijana_UDOM

Sasa si dawa ni kupandisha kinga tu? Pale stendi wanauza unga wa "kuongeza CD4 na kinga mara dufu". Kama askari wakiwa wengi ubongoni, virusi vyote si vitafubaa?

---

Mwl_Nkuhungu

Kijana, rudi kwa panya wa LCMV hapo juu. Askari wengi wasiozuilika ndio waliomuua. Kinachotakiwa ubongoni ni askari wachache, wanaojua nyumba, wasioondoka. Unga wa stendi hauwezi kukupa huyo.

Nikupe tukio la kweli la upande wa pili. Kuna ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, kinga ya mtu inakula maganda ya neva zake mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2004 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo natalizumabu. Kazi yake ni moja: inawanyima askari kibali cha kumpita yule bawabu. Wagonjwa walipata nafuu kubwa. Februari 2005 ikaondolewa sokoni, kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata ugonjwa wa ubongo uitwao PML. Unaletwa na kirusi cha JC, ambacho zaidi ya nusu ya watu wazima wanacho mwilini bila kujua. Mwaka 2006 dawa ilirudishwa kwa masharti na uangalizi. Walioiruhusu hawakuleta kirusi kipya kwa wagonjwa. Waliondoa zamu tu, na kilichofubazwa kikainuka.

Hicho hicho kiliwapata wenye UKIMWI kabla ya dawa. Ndiyo maana nawasihi wanaotumia dawa za kufubaza: VVU huingia ubongoni katika wiki za mwanzo kabisa, vikakaa ndani ya mikroglia na seli nyingine za kinga zinazoishi muda mrefu. Damu kuonekana safi kwenye kipimo ni kazi ya ile dawa kila siku. Mtu akijisikia mzima akaacha, amewaondoa walinzi kwa mkono wake.

---

Nesi_Kongwa

Hapo mwisho naunga mkono kwa mikono miwili. Kijana, hela ya huo unga nunua mboga.

---

Mwl_Nkuhungu

Nimerudi. Ijumaa niliwapa wanafunzi jibu, kipindi kizima, na kengele ilipogonga hakuna aliyeinuka. Yule binti wa Kondoa akanyoosha mkono tena. "Mwalimu, seli T ameshika panga. Nani anamwambia asichinje?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Seli T ina breki mwilini mwake iitwayo PD-1. Seli za ubongo zinapoona mapambano yameanza, zikiwemo mikroglia, huotesha kwenye utando wao protini inayokanyaga breki hiyo. Seli T inabaki hai, inabaki pale, lakini mkono umeshikwa. Waliogundua breki za namna hii na jinsi ya kuziachia ili seli T zipigane na saratani, James Allison na Tasuku Honjo, walipata Nobel mwaka 2018. Na dawa hizo za kuachia breki, mara chache, zimewasababishia wagonjwa wa saratani ubongo kuvimba kwa kushambuliwa na kinga, hata pasipo kirusi chochote.

Lakini breki ikikanyagwa kupita kiasi, kirusi nacho kinastarehe. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa 8 wa PML waliopewa dawa ya kuachia PD-1. Watano hali ilitulia au ikawa nafuu. Watatu haikuwasaidia. Niliziandika namba hizo ubaoni, 5 na 3, nikamwambia anayetaka kusomea udaktari kazi yake ya maisha iko kati ya namba hizo mbili. Binti alizinakili kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.

Mama Zabibu, uliniuliza faraghani hali ya shangazi. Malengelenge yamekauka, kovu limebaki jeusi pajini, bado linachoma usiku. Jicho linaona ukungu. Kesho asubuhi nampokea stendi ya Nanenane, tunakwenda kliniki ya macho. Amesema atakuja bila mtandio kichwani, watu watazame wanavyotaka.